Kipimo cha Korongo ni Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Naingia kwenye jarida la sayansi! Picha nzima, kuanzia kichwa hadi chini! Salamu baadaye, shajara yangu, kwanza nipumue.

Ni hivi. Binti yangu, ambaye mimi namwita Profesa ingawa mwenyewe kila siku anasema "bado, Mama, bado", anaandika makala kuhusu korongo la nyuma ya nyumba yetu. Ndiyo, lile lile. Miaka yote sisi tumeona shimo. Kumbe ni sayansi! Kila mvua ikinyesha linazidi kuchimbika. Mwaka jana alilipima, mwaka huu analipima tena, halafu anaeleza limeongezeka kiasi gani na kwa nini. Makala inakwenda kwenye jarida la sayansi ya ardhi, linalosomwa na watu wa miwani dunia nzima. Isipomfikia mhariri ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo, nafasi yake ya kusomea udaktari, ule wa vitabu si wa sindano, anapewa mwingine. Chuo kimesema. Nafasi ni moja, na nyuma yake kuna foleni.

Leo alikuwa anapiga picha ya ukingo. Akanieleza kwamba picha ya korongo peke yake haina maana, msomaji hawezi kujua kama ni korongo au mfereji wa bafuni. Lazima pawe na kitu cha kulinganishia. Yeye hutumia fimbo ya vipimo, ile yake yenye mistari myekundu na myeupe. Wengine huweka nyundo. Wengine huweka mtu.

Huweka mtu! Moyo wangu ukaruka.

Fimbo ilikuwa imeegemea mlango. Alipoingia ndani kuchaji simu, nikaichukua nikaitegemezea kamba ya nguo, nikaanika mablanketi mazito yaliyolowa. Yalikuwa machafu? Hapana. Niliyalowesha mwenyewe. Fimbo ikapinda, ikapinda, ikalia kwaa! Nikasikitika kwa sauti kubwa.

Profesa akashika kiuno. Akasema Alhamisi ataazima nyingine, pamoja na futi ndefu, aje apime vizuri. Ila mwanga wa leo ni mzuri, kuuacha ni hasara. Basi Mama asimame, picha ipatikane. Mimi tena? Jamani! Nikajifanya sitaki. Kisha nikaingia chumbani, nikatoka na gauni la bluu, lile linaloburura, na ndani ya gauni viatu nilivyovaa harusi ya mdogo wangu, vya visigino. Havikuonekana hata ncha. Ndiyo faida ya gauni refu.

Akaniuliza urefu wangu. Nikamjibu bila kusita: mita moja na sentimita sabini na mbili. Nimeutoa wapi? Kwenye kadi ya hospitali ya baba yake. Mume na mke ni mwili mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaambia wachache tu. Wa mtaa huu na ule wa juu.

Mama Mfamasia nilimwacha wa mwisho, kama mnofu. Huyu ni jirani yangu, fundi cherehani, na mwanawe ni mfamasia. Hilo utalijua kabla hujamaliza kusema hodi. Picha ya mwanawe imetundikwa ukutani kwenye duka la dawa, basi hatulali. Nikamwambia kwa upole kwamba ukuta ni ukuta, lakini jarida ni jarida. Akauliza kwenye hiyo picha nafanya nini. Nikasema nasimama. Akasema hata nguzo ya umeme inasimama, mwenzangu.

Wivu! Nimemwagiza gauni la sherehe papo hapo. Nataka ashone fahari yangu kwa mikono yake mwenyewe. Tena hakuna mwingine anayejua kutia mikono ya gauni.

Baba Profesa akauliza sherehe ya nini, makala haijaisha. Mwanaume huyu hata siku ya harusi yetu aliuliza kama ni lazima.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mvua ya jana mchana imeangusha ukingo wote. Umeporomoka na banda la kuku, bahati nzuri kuku walikuwa kwangu jikoni wakiiba. Profesa amerudi na fimbo ya kuazima begani na futi ndefu mkononi, akakuta hakuna cha kupima. Udongo mtupu, umelala chini kama mgonjwa.

Akakaa kwenye ngazi. Akasema picha yangu ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Mimi! Nilitaka kulia naye lakini uso wangu ulikataa, ukatabasamu.

Tukaifungua picha kwenye kompyuta. Akanipima mimi, akaupima ukingo. Ukingo ni sawa na mimi wanne, mmoja juu ya mwingine. Akazidisha. Mita sita na sentimita themanini na nane. Mwaka jana ulikuwa sita na ishirini. Profesa akatoa macho. Hajawahi kusikia korongo linalochimbika kwa kasi hiyo. Nikamwambia sisi mambo yetu hayajawahi kuwa madogo.

Akamtumia msimamizi wake chuoni. Nami nikapita dukani kununua chumvi, chumvi ninayo, nikatangaza kuwa tuna korongo la mita saba.

Jumamosi, 8 Machi

Msimamizi amepiga simu. Kwanza alishangilia. Halafu akasema korongo si kijana aliyebalehe, haliwezi kurefuka hivyo kwa mwaka mmoja. Kuna kosa mahali. Alitafute, alisahihishe, kwa sababu kwa namba ile mhariri atawarudishia mswada kabla hata chai yake haijapoa.

Profesa hajala. Amekagua kamera. Amekagua hesabu. Amekagua vipimo vya mwaka jana, akajilaumu huenda ndivyo vilivyokosewa. Mimi hakunikagua. Nani amkague mama yake?

Nikaona nisaidie. Namba ya msimamizi ilikuwa mezani, nikampigia. Mtu wa heshima, akaniamkia vizuri. Nikamweleza kwamba huyu mtoto nimemlea mwenyewe, hajui uongo, hata utotoni akiiba sukari alikuwa anakuja kusema. Akajibu kwamba hana shaka na tabia ya binti, shaka yake ni kwenye namba. Nikamwambia hata namba hiyo imetoka kwenye nyumba yenye malezi.

Akakohoa kwa muda.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kufutwa kwenye kalenda.

Mama Mfamasia kaja kunipima gauni. Nilitaka tupimane chumbani, akasema chumbani giza. Basi sebuleni, Profesa akiwa mezani na kompyuta yake, baba yake akisoma gazeti. Futi ikashuka kutoka begani hadi kisiginoni. Mama Mfamasia akacheka peke yake. Akasema urefu ni ule ule, hata hakuwa na haja ya kupima. Akaendelea, maana mdomo wake hauna kifungo, kwamba kila kitambaa ninachomletea anakikata hadi mabaki yanatosha foronya mbili, na bado kinaburura.

Profesa akainua kichwa polepole.

Akaomba nivue ndala. Akanisimamisha kwenye fremu ya mlango, akaniwekea kitabu utosini, akachora alama kwa penseli. Mita moja na sentimita hamsini na mbili.

Kisha Baba Profesa, bila kushusha gazeti: njia ya mwongo ni fupi, na mwongo mwenyewe pia.

Mama Mfamasia alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Natumaini alimeza moja.

Profesa hakucheka. Hakugomba pia. Alisema "Mama" tu. Nimeitwa Mama kwa njaa, kwa homa, kwa kutafuta soksi. Namna hii ilikuwa mpya, na sikuipenda.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yamezidi kuharibika. Amezidisha upya kwa urefu wangu wa kweli. Ukingo umekuwa mita sita na sentimita nane. Yaani chini ya mwaka jana! Makala nzima inasema korongo linazidi kuchimbika, na sasa namba inasema limeanza kujaa lenyewe kwa hiari yake.

Akampigia msimamizi. Nilisikiliza nikiwa jikoni, nimeshika kisu na kitunguu bila kukata. Msimamizi akasema kama kipimo cha ukingo hakiaminiki, kiondolewe. Na kikiondolewa, hakuna makala. Pole sana, binti. Labda mwakani.

Mwakani kutakuwa na mwingine kwenye ile nafasi.

Profesa akaanza kukusanya karatasi zake. Alizipanga taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Akasema, si kwangu, kwa hewa tu, kwamba kuna duka la simu linatafuta muuzaji.

Shajara, mimi nilijua. Miguu yangu ilijua. Vile viatu vilikuwa chini ya kitanda, kwenye boksi lake, vimenyamaza kama mimi. Nikajiambia nimeshaaibika jana, aibu ya pili ya nini? Nikajiambia pia kwamba Mama Mfamasia anakuja kesho kunijaribisha gauni, na nyumba hii haina siri. Nikakata kitunguu. Kikanitoa machozi, angalau nikapata kisingizio.

Halafu nikamsikia anafunga kompyuta. Ile "tap" ndogo.

Nikaenda chumbani, nikatoa viatu, nikaviweka mezani juu ya karatasi zake. Sikusema kitu. Mimi! Sikusema kitu!

Akavitazama viatu. Akanitazama mimi. Akafungua kompyuta, akaitazama picha, upindo wa gauni. Akanionyesha fremu ya mlango kwa kidole. Nikavivaa, nikasimama. Mita moja na sentimita sitini na mbili. Akazidisha kwa nne: sita na arobaini na nane. Juu ya mwaka jana, wala si kwa miujiza.

Akaniuliza kama kuna kingine. Tofali? Ndoo? Niliapa. Hapo ndipo alipoanza kucheka, akacheka hadi akalia, akalia hadi akanikumbatia, kichwa changu kikaishia kwenye kifua chake. Lini amekuwa mrefu hivi, sijui. Kwa baba yake, bila shaka.

Msimamizi kasema namba hiyo sasa ina akili.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ndiyo mwisho wa kutuma. Kutuma mswada ni kama kuposa. Maswali hayaishi. Jina, chuo, umetumia nini, nani amekulipia, una ugomvi na nani.

Kisha matusi yakaanza. Jarida lina sheria kwamba wataalamu watakaoupitia mswada wasijue umeandikwa na nani. Kwa hiyo jina la mwanangu likatolewa. Shukrani zikatolewa, na mimi nilikuwa kwenye mstari wa kwanza! Na usoni kwangu, kwenye picha, Profesa akaweka kiboksi cha kijivu. Kama mwizi wa kuku aliyekamatwa! Nikauliza mtaalamu atamheshimuje mtoto asiyejulikana kwao. Akasema hilo ndilo lengo lenyewe, Mama.

Halafu wanaomba majina ya wataalamu wanaoweza kuupitia. Nikamtaja kaka yangu, bwana mifugo, miaka mingi anakanyaga ardhi. Profesa akasema sharti wasiwe ndugu. Wasiwe ndugu! Sasa ndugu ni wa nini?

Chini ya picha yameandikwa maneno haya, nimeyanakili: "Mtu wa kulinganishia, urefu mita 1.62 pamoja na viatu." Pamoja na viatu! Dunia nzima!

Akabonyeza. Tukasubiri. Ujumbe ukaingia: wameupokea mswada. Nilipiga vigelegele hadi kuku wakatoka jikoni wenyewe. Profesa akanituliza, akanieleza kwamba kupokea si kukubali. Wataalamu watausoma miezi, na wanaweza kuukataa kabisa. Ila chuo kilitaka uwe umetumwa tu, na umetumwa. Nafasi ya udaktari ni yake. Alisema hivyo kisha akalala kwenye kochi saa tisa mchana, na viatu miguuni. Nilimvua mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejifunza mengi. La kwanza: visigino vile havikutosha.

Mwakani atalipima korongo tena, na picha itapigwa tena. Nimeshaongea na fundi viatu, anaweza kuniongezea soli bila mtu kujua. Nimechapisha ile picha isiyo na kiboksi, kubwa, iko mlango wa mbele, inatazamana na cherehani ya Mama Mfamasia. Aliuliza kwa nini kwenye ile iliyotumwa kwa jarida nimefunikwa uso. Nikamwambia wakubwa wote hufunikwa, kwa usalama. Akauliza na korongo sasa ni mita ngapi. Nikasema saba. Basi, karibu na saba.

Profesa anasema tungoje majibu ya wataalamu ndipo tualike watu. Nikamwambia wataalamu wakikataa, chakula kitakuwa kimeshaliwa, watakataa nini? Baba yake akauliza kama ni lazima.

Fimbo ya kuazima bado imeegemea pale mlangoni. Haijarudishwa kwa mwenyewe. Na yale mablanketi, nikiyatazama vizuri, naona yanahitaji kufuliwa.

Sherehe ni Jumapili ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tatu, saa nane mchana. Waje wote. Mama Mfamasia naye aje, ila futi aiache kwake.