Ugawaji wa Viwanja Nje ya Jua Letu

Kwa niaba ya Utawala wa Mapinduzi, nina furaha kuutangazia umma kwamba mji wa Goma, wiki chache tu baada ya lava ya Nyiragongo kuupasua katikati, umegundua sayari. Si hizi mnazofundishwa shuleni. Ni za mbali, zinazozunguka majua ya wenyewe.

Mimi ni katibu wa Idara ya Sayari za Mbali. Mbinu yetu ni ya kisayansi: unaitazama nyota, na mwanga wake ukififia kidogo, basi sayari imepita mbele yake. Wazungu, pamoja na darubini zao, husubiri miezi kuona nyota moja ikififia. Sisi tulipanda juu ya paa la Idara, tukaelekea upande wa mlima, na nyota zote zikafifia. Moja ilizimika kabisa. Hiyo tuliipa sayari kubwa kuliko zote. Fundi mmoja aliuliza kama ule si moshi wa volkeno. Tulimhamishia Idara ya Mbuzi.

Kamishna Modeste, mkuu wetu hapa mjini, aliona mara moja faida ya ugunduzi huu. Watu waliounguliwa na nyumba walikuwa wameanza, bila adabu, kujenga vibanda vya mbao juu ya lava, mahali ambapo Kamishna alikusudia kujenga hoteli yake. Akatoa amri: kila muathirika atapewa kiwanja kwenye sayari kubwa. Na mtu yeyote atakayepokea kiwanja huko atapoteza chake cha Goma, maana hakuna awezaye kukaa mahali pawili.

Sherehe ilifanyika kwenye kiwanja cha Mama Marcelline, muuza samaki wa soko la Kituku. Pale ndipo ungekuwa mlango wa hoteli. Huyu mama hakuwa na kitu kingine duniani ila kiwanja kile, na alisimama juu yake ingawa joto la lava lilikuwa bado linalainisha ndala zake. Nilimhurumia, lakini amri ni amri.

"Papa Commissaire," aliuliza, "kule mayi iko?"

"Uchunguzi unaendelea, mama."

"Na volcan?"

"Hakuna."

"Na rébellion?"

Kamishna alikohoa. "Kwa sasa, hakuna."

"Basi njo pazuri. Lakini batu banaogopa. Weye njo mukubwa wetu, anza weye."

Watu wakapiga makofi, na Kamishna ni mtu wa makofi. Alijipa kiwanja cha kwanza, chenye ukubwa wa wilaya nzima ya Masisi. Ili asikose jirani, akanipa mimi cha pembeni.

Hapo Mama Marcelline alitoa madumu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu kiwanja hakihami kwa karatasi. Kinahama pale anayekipokea anapokunywa mbele ya majirani. Kamishna alikunywa. Mimi nilikunywa zaidi, kwa sababu ya joto.

Muzee Ntirenganya, jirani yake mama, alipangusa midomo. "Balishakunywa, njo imeisha. Na weye, Marcelline?"

"Miye sikunywaka, muzee. Kasiksi inaniumizaka tumbo."

Tulipofika kwenye villa ya Kamishna kando ya ziwa, askari walikuwa wanatoa magodoro nje. Komanda Janvier, mwenzetu wa Mapinduzi, aliyeimezea mate villa ile tangu siku tulipouteka mji, alikuwa amekaa barazani na amri yetu mkononi.

"Félicitations, Excellence, pongezi. Nimesikia ulishakunywa."

"Janvier, ile sayari ni moshi!" Kamishna alipiga kelele, mtaa mzima ukisikia.

"Unasema Mapinduzi yamewadanganya raia?"

Kamishna akajitwika godoro moja.

Kwa sasa Mama Marcelline ametuhifadhi kwenye kibanda kilicho nyuma ya nyumba yake mpya, na hatuna la kulalamika. Kamishna anamsaidia kubeba mawe ya uzio. Mama ni mtu wa heshima sana, na kila asubuhi anapotoka kwenda Kituku hupitia mlangoni petu kutusalimia.

"Mwaamuka, ba papa? Na ile safari, munaenda lini?"