Simba Asiyeomba Aomba Uniti Moja

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye haraka wazikalishe haraka zao kitini, niwahadithie asubuhi ile mashine ya kunyolea iliponyamaza katikati ya kichwa cha mwalimu.

Naam, katikati. Kushoto palikuwa peupe, panang'aa. Kulia msitu ulisimama haujaguswa. Saa tatu ilikwishapita, na saa nne kamili mwalimu alitakiwa kwenye usaili wa ukuu wa shule.

"Fundi," alinena, "nitasimama mbele ya watu watano. Siwezi kwenda na kichwa cha nchi mbili."

Kinyozi, mfalme wa vipara, mtiishaji wa nywele za kipilipili, aliyepata kunyoa mapacha wanaolia bila kumwaga tone la damu, aliikung'uta mashine, akaipuliza, akaisihi. Wapi. Betri yake ilikuwa imekauka, kwani mawingu yalikuwa yameizingira paneli yake moja ya jua siku mbili nzima.

Lakini mtaa ule, wapenzi wangu, ulikuwa na soko lake la umeme. Aliyejaliwa jua kupita haja zake alimuuzia jirani ziada kwa simu, na kila mauzo yaliandikwa katika daftari lililomo kwenye simu za nyumba zote arobaini na moja, ukurasa umefungwa kwa ukurasa mfano wa mnyororo. Kufuta neno hakuna. Ukifuta lako, arobaini wanalo. Kinyozi akafungua simu. Muuzaji alikuwa mmoja tu, mwenye paneli nane na betri mbili zenye kimo cha jokofu: mama mkwe wake, ng'ambo ya barabara.

Siku ya posa mama huyo aliuliza mbele ya watu, "Kinyozi atamlisha binti yangu nywele?" Naye kinyozi akaapa kutomwomba kitu maisha yake yote, na alipojisajili sokoni akajiandika jina la vita: Simba Asiyeomba. Kiapo kilikuwa na miaka sita na hakikuwa na ufa.

Akakitazama kichwa cha mwalimu. Akapima aibu yake na aibu ya mwalimu. Ya mwalimu ilikuwa nzito zaidi, tena ilionekana kwa macho. Akaandika uniti moja, akabonyeza.

Simu zikalia mtaa mzima: *Simba Asiyeomba anaomba uniti moja.* Fundi baiskeli wa jirani alicheka hadi akakaa chini.

Mama mkwe akatoka mlangoni, simu mkononi.

"Shikamoo, mama," shujaa wetu akanena kutoka kizingiti chake.

"Marahaba. Simba hajambo?"

"Simba hana umeme, mama."

Mama akasogea hadi ukingo wa barabara. "Miaka sita nangoja uniombe hata chumvi. Lile neno la siku ya posa lilinitoka vibaya, na sikujua pa kuanzia kulirudisha."

Akabonyeza. Simu zikalia tena: *Uniti tatu. Maelezo ya muuzaji: za mwanangu.*

Mashine ikanguruma, msitu ukaanguka, na mwalimu akatimua mbio na kichwa cha nchi moja. Kinyozi aliomba baadaye jina lake la vita lifutwe, akaambiwa haiwezekani. Akauliza, na lile neno la mama, "za mwanangu", je, nalo halifutiki? Akaambiwa halifutiki milele. Basi akasema yaacheni yote mawili kama yalivyo, na ndivyo yalivyo hadi leo katika nyumba arobaini na moja.