Bukari ya Wageni na Resho Moja

Alhamisi, 2 Oktoba

Resho imefika! Jiko la umeme, la jicho moja, jepesi kama sahani. Binamu yangu Kangwa, dereva wa lori, ameileta kutoka Kasumbalesa, ameifunga ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Nimeiweka mezani. Nimeichomeka. Waya wake uliojikunja ukaanza kuwa mwekundu polepole, kama mtu anayekumbuka jambo.

Makala, makaa yenye kuchafua mikono, kwaheri! Mbabula, jiko lake, kwaheri! Mimi Alexis, mstaafu wa reli, mgane, baba wa Benita, sitamwomba mtu tena aniwashie moto.

Sababu ni kubwa. Wazazi wa Merdi, kijana anayemtaka Benita wangu, watakuja kujitambulisha Jumamosi ya wiki ijayo. Chola, mdogo wa marehemu mke wangu Dorine, ameshaamua kwamba watapokelewa kwake Katuba, kwa kuwa hapa kwangu hakuna mtu wa kupika. Nimemwambia yupo. Ameuliza ni nani. Nimeipangusa resho kwa heshima.

Nimejaribu na yai. Nimekaa, nimetazama ule wekundu. Niliona mengi ndani yake: wakwe wananipigia makofi, Dorine kwenye kiti chake anatikisa kichwa na kucheka. Maji yakakauka. Yai likalipuka. Kipande kimoja nimekipata nyuma ya redio. Kilikuwa kimeiva vizuri sana.

Ijumaa, 3 Oktoba

Benita amerudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi. Nimemweleza mpango wangu. Ameitazama resho, akautazama ukuta, maana yai bado liko ukutani. Kisha amesema atanipa nafasi: nikimpikia bukari, ugali wetu, na mboga ya kulika kabla ya Ijumaa ijayo, wageni watakuja hapa, nyumba ya mama yake. Nikishindwa, Katuba.

"Papa, minataka ikuwe hapa," amesema. "Lakini sitaki tupate haya mbele ya bantu."

Mtoto mwema. Hataona haya.

Tatizo ni sufuria. Miaka mingi juu ya mbabula imezipa sufuria za Dorine matako ya mviringo. Juu ya resho zinayumba kama walevi, na moto unazigusa mahali padogo tu, katikati. Maji hayachemki, yanafikiri. Nikachukua nyundo, nikainyoosha moja. Imenyooka! Imetoboka pia. Benita ameiokota, ameipangusa, ameirudisha kabatini na tundu lake.

Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeazima sufuria yenye tako bapa kwa jirani yangu Gauthier, kinyozi. Huchemshia taulo zake. Nimeiosha mara mbili.

Baada ya misa Chola amepita. Anasema alikuwa anapita tu. Kutoka Katuba mpaka hapa Kamalondo, juani, anapita tu! Amevuta kiti, amekaa, amefunga mikono. Nimeanza bukari mbele ya macho yake.

Maji yamechemka. Unga nimetia. Mwiko nimeshika. Na hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mbabula ni nzito, inakaa, resho ni nyepesi, inatembea! Kila nikisukuma mwiko, resho nayo inakwenda. Tumetembea meza nzima, mimi na yeye, mpaka ukingoni. Nikaishusha sakafuni, nikaibana kwa magoti. Suruali ya misa! Imepata duara zuri la rangi ya kahawia.

Chola ameonja. Ametafuna kitu ambacho hakihitaji kutafunwa.

"Shemeki," amesema, "ile haiko bukari. Ile ni uji yenye kiburi."

Nimemjibu kwamba unga ni wa mwaka huu. Jibu lenyewe lilikuwa dhaifu, nakubali.

Jumanne, 7 Oktoba

Ushindi! Resho nimeifunga kwa waya juu ya kigoda, na kingo za kigoda nimezikanyaga kwa miguu yote miwili, mmoja kila upande. Haitembei tena. Napika kama mtu anayepanda baiskeli. Bukari imetoka ndogo, ya mviringo, laini, inang'aa. Nimeila mlangoni peke yangu. Maua ya jakaranda yalikuwa yanaanguka barabarani bila sauti, na mimi nilikuwa natafuna bila sauti, na dunia yote ilikuwa imekaa mahali pake.

Kisha nikafikiri: kama inabebeka, kwa nini iishi jikoni? Nimeipeleka chumbani. Nimelala kitandani, lenga-lenga, mchicha wetu, inachemka pembeni ya mto. Nani mwingine Kamalondo anaishi hivi? Nimefumba macho kidogo. Nikajikuta Kilwa, mwaka ule tuliooana. Dorine amechuchumaa karibu na ziwa Mweru, anageuza samaki juu ya moto, moshi unampita usoni, ananiambia nisogee, nisogee, ninaungua.

Nikaamka. Alikuwa anasema kweli. Pindo la shuka.

Lenga-lenga ilikuwa nyeusi. Lakini Dorine nimemwona.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimempikia Benita. Bukari, lenga-lenga, samaki mkavu na nyanya, kimoja baada ya kingine kwenye sufuria moja, maana jicho ni moja. Nilipomaliza samaki, bukari ilikuwa baridi. Nilipoipasha bukari, samaki akawa baridi. Mwishowe nimekilalia chakula chote, nimekifunika kwa blanketi, na mimi juu yake.

Benita amekula. Akaongeza. Akakwangua sufuria kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya zamani mama yake akiwa amegeuka.

"Papa, iko muzuri," amesema.

Nimetoka nje kutazama mawingu. Hakukuwa na mawingu. Nimetazama hivyo hivyo.

Wageni watakuja hapa!

Ijumaa, 10 Oktoba

Chola amepiga simu. Ameuliza sufuria ya Gauthier inashibisha watu wangapi. Nimekiri kwamba upande huo wa jambo sikuufikiria.

Basi nimeazima resho ya pili kwa mwalimu Chishimba. Resho mbili, ralonji moja ya kurefusha waya. Zote zikawaka! Macho mawili mekundu yananitazama, bukari huku, sombe ya majani ya muhogo kule. Nikaona mbele yangu hoteli kando ya ziwa, wapishi wenye kofia nyeupe, na mimi napita katikati yao mikono nyuma, naonja, natikisa kichwa.

Nikasikia harufu. Ralonji ilikuwa imelainika kama mkate ndani ya chai. Pah! Giza nyumbani kwangu. Giza kwa Gauthier pia, maana waya wetu ni mmoja.

Gauthier akapiga kelele. Mashine yake ilizimika katikati ya kichwa cha mteja. Mteja akaja mlangoni kwangu, kitambaa shingoni, upande mmoja nywele, upande wa pili ngozi. Alikuwa Merdi! Mkwe wangu mtarajiwa, amekuja kunyolewa kwa ajili ya kesho.

"Jambo yenu, Papa," amesema kwa adabu kabisa. "Moto imeenda?"

Nimemwambia imeenda kidogo. Gauthier amemalizia kwa wembe. Sasa Merdi hana unywele hata mmoja, na masikio yake, ambayo sikuwahi kuyaona vizuri, ni makubwa. Benita amecheka mpaka akakaa chini. Halafu amenitazama na hakucheka tena. Ameuliza kama kesho nina hakika. Amesema bado tunaweza kumwambia Tantine Chola awapokee Katuba.

Nimesema nina hakika. Moyo wangu ulikuwa unasema neno lingine, lakini kwa sauti ya chini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya posho, kama wazee wa kampuni walivyoiita Jumamosi, siku ya kugawiwa unga. Na nimelipwa posho yangu!

Gauthier alitengeneza waya. Resho imebaki moja. Nimeanza na mapambazuko. Chola akafika na mabeseni mawili makubwa yaliyofunikwa. Amesema amekuja kuosha sahani tu. Nimemruhusu akae nyuma ya nyumba, asivuke hapo. Benita akawa anakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kumbe sahani zetu ni nyingi hivyo!

Asubuhi nzima nilisikia harufu ya makala. Nimemwambia Benita kwamba majirani wetu bado wako gizani. Ameinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa na machozi. Furaha!

Wageni wakafika: Mzee Chileshe, baba wa Merdi, mtu wa maneno machache, mkewe Mama Mwansa, ametoka Kilwa na kikapu cha samaki wa moshi, na Merdi mwenyewe amevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Nikawakaribisha, nikarudi jikoni mbio. Nilikuwa juu ya kigoda, miguu imekanyaga, mwiko mikononi, jasho machoni, wakati Mama Mwansa aliposimama mlangoni.

Hakuna mkwe anayepaswa kuona mkwe mwenzake hivyo. Nikataka kushuka, kigoda kikainama. Mama Mwansa akavua viatu, akaweka mguu wake upande wa pili, akakikandamiza.

"Songa, Baba Benita," akasema. "Mi nitashika."

Nikasonga. Akauliza nani alinifundisha. Nikasema hakuna, mwenye kujua amekufa. Akakandamiza zaidi. Halafu akasema mume wake hajawahi kuuliza hata unga unakaa wapi, na kwamba alikuja Lubumbashi na wasiwasi wa kujua mtoto wake anaingia kwa watu wa namna gani.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa geuza, inashika chini."

Bukari yangu ikatoka. Moja, ndogo, nzuri. Nikaibeba mezani kwa mikono miwili. Na ajabu! Mezani zilikuwepo bukari nyingine, kubwa, zinatoa mvuke. Na sombe. Na kuku wawili kwenye mchuzi wa nyanya. Sikumbuki nilipika saa ngapi. Lakini najijua: nikiota, mikono yangu inaendelea na kazi. Na resho ile ni ya ajabu.

Watu wamekula. Mzee Chileshe amefika sahani ya tatu. Ndipo akauliza mama gani amepika hivi. Nikasimama. Benita akamtazama Chola, aliyekuwa mlangoni na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Masizi! Sahani zetu zilikuwa chafu kiasi hicho. Chola akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atasema habari za uji.

"Njo yeye," akasema, akininyooshea kidole. "Baba Benita njo mwenye kupika."

Sauti yake ilikwaruza. Moshi wa majirani.

Mama Mwansa aliivuta bukari yangu ndogo mbele yake na hakumgawia mtu. Mzee Chileshe akasema mambo yamekwisha, watoto waoane Desemba. Merdi akavua kofia kwa furaha. Masikio yakaonekana. Kisha wote tukacheka, na Benita akaweka kiganja juu ya kichwa kile kama mtu anayepima joto la maji.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi nimezunguka nyuma ya nyumba. Nimekuta mbabula kubwa, majivu bado ya vuguvugu. Gauthier! Anamwaga takataka zake kwangu kwa sababu ya ile mashine. Nimembebea mpaka kwake na nimemwambia maneno makali. Amesema si yake. Wote husema hivyo.

Benita amesema Tantine Chola ameomba kupika kwenye harusi. Nimemwambia ampe shukrani zangu, lakini Tantine amezoea kuosha sahani, na watu wa harusi ni wengi, anaweza kuchoka. Benita amenibusu kwenye paji la uso, ameondoka.

Watu mia tatu. Nimekwisha kumwambia Kangwa aniletee resho kumi na mbili kutoka Kasumbalesa. Kwenye misa, wakati watu walipokwenda kupokea komunio, mimi nilibaki kwenye benchi nikatazama kuta vizuri. Kanisa lina prizi za kuchomekea nyingi sana, hata karibu na altare, na zote zimelala bure.