Muuza Kiatu Kimoja

Asubuhi ile Taratibu hakuwa na mpango wowote wa kumdhulumu mtu. Alikuwa anatembea tu, kama watembeavyo waungwana wasio na kazi, huku akivitazama viatu vyake. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, vimechongoka mbele, na viling'aa hata akaweza kuangalia ndani yake kama ndevu zake zimechanwa vizuri. Alivipenda kuliko alivyowapenda ndugu zake, na ndugu zake walilijua hilo.

Alipokata kona ya zahanati ya watoto, alikuta foleni. Lakini ilikuwa foleni ya viatu, si ya watu.

Ni kwamba gonjwa lilikuwa limeenea, na watu walikuwa wamekatazwa kusongamana. Wahudumu wa zahanati walichora maduara meupe barabarani, moja mbali na jingine, kuanzia langoni hadi karibu na duka la mkaa. Jua lilikuwa kali, nao akina mama hawakuumbwa kwa chuma. Kwa hiyo kila mmoja aliacha kiatu kimoja duarani, akaenda kuketi na mwanawe kwenye kivuli cha ukuta, mguu mmoja umevaa na mwingine mtupu. Lango lilipofunguliwa, muuguzi alitoka na koleo la chuma, akakiinua kiatu cha kwanza na kuuliza, "Mwenye hiki?" Aliyekuwa na mwenzake ndiye aliyeingia. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, wala hakuna aliyeivunja.

Walioingia walikuwa wachache, kwa maana chumba kilipaswa kupuliziwa dawa kila mtoto alipotoka. Jua likipanda, lango lilifungwa, na viatu vya nyuma vilirudi nyumbani pamoja na wenyewe.

Taratibu aliyatazama hayo yote, mkono kifuani, kama mtu aliyesimama mazikoni.

"Kweli Mungu hamtupi mja wake," alisema kwa unyenyekevu mkubwa.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa fundi viatu, akamshawishi amkopeshe gunia la viatu ambavyo wenyewe walivileta kushonwa wasirudi tena. Kulipopambazuka, maduara yote ya mbele yalikuwa tayari yamekaliwa, na Taratibu alikuwa amesimama pembeni ya mkokoteni wake, barakoa imempendeza, akiwasubiri wateja.

Wa kwanza alikuwa dalali wa nyumba, mtu mnene mwenye haraka, ambaye mwanawe alikuwa na kipele kimoja puani.

"Nasikia unauza nafasi za mbele," alisema dalali.

"Taratibu, mzee wangu. Nafasi haiuzwi. Kuuza nafasi ni kosa, na mimi sheria naiogopa kuliko moto. Mimi nauza kiatu."

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Na mwenzake?"

"Mwenzake yuko mahali fulani, karibu karibu na lango. Hayo ni mambo ya viatu vyenyewe. Mimi siyaingilii."

Dalali alicheka hadi tumbo likatikisika, akatoa pochi. Taratibu akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Noti sipokei, mzee. Zimepita mikono mingi, na wakati huu tunahimizwa tujikinge. Una kitu gani kwenye gari?"

Kwenye gari kulikuwa na redio. Redio ikahamia kwenye mkokoteni, na kipele kikaonwa na daktari kabla ya watoto wote wenye homa. Siku zilizofuata zikaja birika, katoni ya sabuni, na mwavuli mweusi wa mpini wa mti. Yule mama mwenye mwavuli alilia alipoutoa. Taratibu alimpa pole kwa maneno mazuri sana, kisha akaufunga mwavuli vizuri usije ukapinda.

Ndipo akaja mshonaji wa barakoa.

Mwanamke huyu alikuwa amerudishwa langoni mara mbili, kwa sababu duara lake lilisogea nyuma kila viatu vya Taratibu vilipoongezeka mbele. Binti yake mdogo alikuwa na kifua kibaya, nacho kilikuwa na tabia ya ajabu: asubuhi, mbele ya muuguzi, kilikaa kimya kama mwanafunzi mtiifu, lakini jioni, lango likishafungwa, kilianza kupiga filimbi, na mtoto akawa anaitafuta pumzi kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Dawa ya kuvuta ilikuwa humo ndani, na haikutolewa mpaka mtoto apimwe.

"Kaka, sina kitu cha kukupa," alimwambia Taratibu. "Nihurumie tu. Jana tulimkalisha kitako mpaka kukacha."

"Taratibu, mama. Huruma ninayo, tatizo haina duara. Nasikia lakini una cherehani."

"Cherehani ndiyo inayotulisha."

"Basi fikiria. Mimi nipo."

Mshonaji alirudi kivulini, macho yamemjaa machozi. Hapo aliketi wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata kitambaa bila mkasi.

"Amesema nini, yule jogoo?"

"Anataka cherehani, wifi. Na mimi nadhani nitampa."

"Thubutu. Kaka yangu alikuoa kwa upole wako, lakini upole mwingine ni ugonjwa." Wifi aliinua kidevu kuelekea dirisha la muuguzi. Kwenye ukuta, kando ya dirisha, vilining'inia viatu vya kiume misumarini, kila kimoja peke yake. "Unavikumbuka vile?"

"Vya akina baba. Hata cha kaka yako kiliwahi kukaa pale."

"Sasa muulize yule bwana kama anajua ni vya nini."

Mshonaji alimtazama Taratibu, aliyekuwa ameegemea ukuta huohuo, viatu vyote vikiwa juu ya kichwa chake, bila hata kugeuza shingo. Mtu yeyote aliyewahi kulea mtoto angeuliza. Yeye alidhani ni pambo.

Kesho yake, mbele ya mkokoteni alisimama mama mkubwa mwenye miwani ya jua na barakoa ya hariri. Hariri hiyo ilikuwa kipande cha gauni la harusi la mshonaji, lakini hilo halikuandikwa popote.

"Wewe ndiye mwenye viatu?" aliuliza Wifi, akikunja pua ndani ya barakoa.

"Ndiye mimi, mama mkubwa."

"Bosi wangu anataka cha duara la kwanza. Atatoa friji. Bado liko kwenye boksi lake."

Taratibu alimeza mate. "Taratibu," alijiambia mwenyewe.

"Lakini kile pale hapana," Wifi aliendelea, akikionyesha kiatu kilichokuwa mbele kabisa. "Bosi wangu avae mwenzake yule? Kimetoboka mbele, kidole kitachungulia kama mpangaji anayekwepa kodi."

"Kile kina historia, mama."

"Historia aliimaliza shuleni. Yeye amezoea kiatu kama..." Miwani ikashuka polepole hadi chini. "Kama hicho."

Taratibu alihisi kana kwamba ameombwa figo.

"Hivi si vya kuuza."

"Haya. Friji tutampelekea mwenye bucha, naye ana shida nalo."

"Taratibu, mama mkubwa. Nani amekataa? Si kuuza, tuseme ni kuazima. Akitoka ndani, ananirudishia."

Akavua kiatu cha kushoto, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiondoa kile kilichotoboka, akakiweka chake kwenye duara la kwanza kwa uangalifu wa mtu anayelaza kichanga. Cha kulia alikiacha mguuni mpaka friji lionekane. Wifi akasema anakwenda kumwita bosi, akakata kona.

Friji halikuonekana, lakini lango lilifunguka.

Muuguzi alitoka na koleo lake, akakiinua juu kiatu cha kahawia. "Mwenye hiki?"

Kivulini, kila mtu alitazama mguu wake mtupu.

"Mnajua kisicho na mwenyewe kinachomwa," alisema. Ndani ya ua, pipa la kuchomea taka lilikuwa likitoa moshi.

"Changu," alisema Taratibu. Neno lilitoka kabla akili haijalipa ruhusa.

"Mtoto yuko wapi?"

Askari wa lango, ambaye mpaka hapo alikuwa anasinzia, alifumbua jicho moja. "Kweli. Mtu mzima peke yake anafanya nini kwenye duara la watoto?"

Jicho la pili lilipoanza kufumbuka, mshonaji alitoka kivulini, akamweka binti yake mikononi mwa Taratibu.

"Huyu hapa, baba yake," alisema kwa sauti ya mke aliyechoka. "Alikuwa anakulilia."

Mtoto alimtazama Taratibu, akaridhika, akakilaza kichwa begani. Ndipo yule bwana aliposikia, kwenye shati lake, filimbi nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Haikusikika kwa mbali; ilibidi umbebe.

"Ana nini?" aliuliza muuguzi.

"Kifua," alijibu Taratibu. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli wiki nzima, nalo lilimtoka kwa shida.

Muuguzi alimchukua mtoto, akaingia naye pamoja na mama. Kabla ya kufunga mlango, alikizamisha kiatu cha kahawia kwenye ndoo ya maji ya dawa, akakitundika kwenye msumari.

"Muuguzi, hiyo ni ngozi halisi."

"Na mtoto ni halisi. Nyinyi akina baba mnakuja siku ya kwanza, kisha mnapotea kama moshi, na dawa haikamiliki. Siku ya marudio njoo na mtoto, utakipata."

Mshonaji alitoka na dawa ya kuvuta mkononi. Jioni ile filimbi haikupiga.

Biashara ya Taratibu ilikufa siku hiyohiyo, maana ni nani atakayenunua kiatu kwa mtu ambaye chake kimoja kimekamatwa? Fundi viatu alikuja kulichukua gunia lake, na maduara yakarudi kwa wenyewe.

Siku ya marudio, Taratibu alifika kivulini akichechemea, akivuta mkokoteni.

"Dada," alimwambia mshonaji, "niazime mtoto kidogo tu. Mpaka pale dirishani."

"Taratibu, kaka," alijibu mshonaji. "Mtoto haazimwi. Kuazima mtoto ni kosa."

Wifi, pembeni yake, aliuma kanga asicheke.

"Ila naazimisha mwavuli," mshonaji aliendelea, akiutazama ule mweusi uliolala mkokotenini. "Kwamba chini yake kuna mtoto, hayo ni mambo ya mwavuli wenyewe. Nao nitauazimisha mara vitu vyote vitakapokuwa vimerudi kwa wenyewe. Anza na birika. Yule pale mwenye birika."

Taratibu akazunguka kivuli chote, mtu kwa mtu, birika, sabuni, hata redio akaiacha kwa askari ampe dalali. Mwisho alibaki na mwavuli, na mwenye mwavuli akaridhia kuutoa kwa dakika chache. Akamfunika binti, wakaenda pamoja hadi dirishani, mmoja akirukaruka kwa furaha, mwingine kwa kukosa kiatu.

Muuguzi alikisikiliza kifua, akatabasamu, akakitungua kiatu msumarini. Maji ya dawa yalikuwa yamekifanya cheupe kama maziwa. Taratibu alikivaa, akaitazama miguu yake, mmoja kahawia, mmoja mweupe.

"Anaendelea vizuri," alisema muuguzi, akinyoosha koleo. "Marudio mengine ni wiki ijayo, baba. Leo niachie cha kulia."