Kitufe Kinachonijua Mimi Tu

Jumatatu, 6 Mei

Bosi ametukusanya asubuhi, chai haijapoa. Ijumaa tunakwenda zahanati kuonyesha dirisha la kusajili wagonjwa, lile litakalokaa kwenye kompyuta ya mapokezi. Atakayeling'arisha ndiye atakuwa Mkuu wa Madirisha wa ofisi nzima. Madirisha ya kompyuta, si ya ukutani. Kwa wanaojua kazi yetu, ni cheo kikubwa.

Tatizo la kwanza: mke wangu nilishamwambia wiki iliyopita, fununu za cheo zilipoanza, kwamba nimepewa. Sikudanganya. Niliwahi tu. Naye akampigia mama yake. Mama mkwe akalia kwa furaha kwenye simu, mtu ambaye tangu siku ya posa hajawahi kunisifu kwa lolote, na akasema Jumamosi anakuja kunipongeza ana kwa ana. Kwa hiyo cheo kipatikane kabla ya Jumamosi, piga ua.

Tatizo la pili: Chapchap. Ndiyo tunavyomwita yule dada wa meza ya jirani, kwa jinsi anavyochapa. Kaja juzijuzi tu. Mimi niko hapa tangu ofisi ina kiti kimoja, na kiti chenyewe kilikuwa changu. Leo Bosi anataka tulitengeneze dirisha pamoja, yeye na mimi. Pamoja! Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata njia. Wallahi mimi mtu hatari.

Programu tunayofanyia kazi ina ubao wa kuchorea. Unakokota kitufe kwa mausi, unakiweka unapotaka, dirisha linajichora lenyewe. Wengi hawajui kwamba kitufe kikitua ubaoni kinaamka kweli na kufanya kazi yake ya kwanza, hata kama programu yenyewe haijawashwa. Mimi najua. Na dirisha letu linatumia kitufe nilichokitengeneza mwenyewe, chenye pembe za mviringo, kizuri kama sabuni mpya.

Nimekipa masharti. Kikiamka, kiulize jina la kompyuta. Likiwa MFALME, ambalo ni jina la mashine yangu, kikae kwa adabu. Likiwa jingine, kigome, na dirisha zima ligome nacho. Mwanzoni nilitaka kigome kwenye ubao peke yake, zahanati kisisumbue mtu. Ikashindikana. Kitufe wakati kinaamka hakijui kama kiko ubaoni au kazini, ukikiuliza kinasema tu hapana, hapana. Basi nikaondoa swali. Kigome popote. Alhamisi nitayafuta masharti yote na hakuna atakayejua.

Ujumbe wa kugoma nimeuandika kwa ustaarabu: “Hitilafu isiyojulikana. Muulize mwenye uzoefu.” Nikakifunga kitufe kwenye pakiti isiyosomeka, nikakituma kwenye ghala letu la pamoja, ambamo kompyuta zote za ofisi huchota.

Baada ya muda mfupi Chapchap akafungua dirisha. Ukurasa mweupe pe! Akaja kuniuliza, maana ndimi mwenye uzoefu. Nikaguna kama daktari. Nikamwambia azime na kuwasha. Akazima, akawasha. Nikamwambia afute mafaili yote ya muda. Akafuta. Nikamwambia aondoe programu nzima na kuiweka upya. Akaiweka. Mwishowe nikamwambia pengine meza yake imeinama, aweke karatasi chini ya mguu. Akaweka! Nilikwenda chooni kucheka.

Niliporudi alikuwa ameufunga ubao kabisa. Akanishukuru kwa msaada, akaendelea kuchapa. Anachapa nini, sikuuliza. Mtu asiye na ubao anachapa nini?

Jumatano, 8 Mei

Fundi wa mtandao amekuja nikiwa nimetoka kununua vocha. Kabadilisha majina ya kompyuta zote, eti ziwe na utaratibu. Nimerudi nikakuta stika: MEZA-02. Nikamwuliza kwa nini amemvua ufalme mtu mzima bila hodi. Akasema ni agizo la Bosi. Watu wengine hawana heshima.

Mchana nikafungua dirisha langu nipange vitufe. Ukurasa mweupe pe. “Hitilafu isiyojulikana. Muulize mwenye uzoefu.”

Nikatoa macho. Ujumbe ni wangu. Lakini mashine ni yangu pia. Kwa hiyo haiwezekani. Nikauangalia tena, ukaniangalia.

Nikazima, nikawasha. Nikafuta mafaili ya muda. Nikaondoa programu nzima nikaiweka upya, na mtandao wetu wa kobe, ikala alasiri nzima. Nikamwangalia Chapchap kwa jicho la pembeni. Huyu kaniroga au kaniingilia mashine, moja kati ya mawili. Anachapa tu, wala hainui kichwa. Mtu asiye na hatia huinua kichwa mara mojamoja.

Jioni akaja mwenyewe mezani kwangu, kaniona ninavyohangaika. Akaniuliza kwa upole kama nimejaribu karatasi chini ya mguu wa meza. Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuja na karatasi, kaikunja tayari.

Niliiweka. Haikusaidia.

Alhamisi, 9 Mei

Kumbe!

Asubuhi navaa viatu, mke wangu yuko jikoni anaita Mkuu, Mkuu, uji unapoa. Nikaendelea kufunga kamba. Akaita tena. Nikajiuliza huyo Mkuu ni nani na kwa nini hamjibu mwenzake. Akaja na mwiko mkononi, akaniuliza kama nimeziba masikio. Ndiyo nikakumbuka kwamba Mkuu ni mimi. Jina jipya bado halijanikaa. Palepale nikapigwa na butwaa: jina! Kitufe kinamtafuta MFALME, na MFALME hayupo tena. Fundi mshenzi yule!

Nimefika ofisini mbiombio. Ilikuwa nifute masharti yote leo, kama nilivyopanga. Lakini nikafikiri. Nikifuta leo, Chapchap anaweza kufungua ubao leo, na aliye na vidole vile siku moja inamtosha. Nikaandika MEZA-02 mahali pa MFALME, kufuta nitafuta jioni. Dirisha likafunguka. Nilitaka kulibusu.

Siku nzima nimepanga vitufe. Kile cha Hifadhi nimekipa kijani, cha Futa nimekipa wekundu wa kuogopesha. Bosi akapita, akasimama nyuma yangu, akasema linapendeza. Nikavimba kichwa, sikatai.

Halafu akasema Chapchap naye ana dirisha lake, ameliandika mstari kwa mstari bila ubao, basi kesho tutaonyesha yote mawili, na mimi nitaanza kwa kuwa ni mkubwa kazini. Bila ubao! Nani anachora nyumba kwa kuisimulia? Nimemhurumia kidogo. Nikashughulika na rangi za pembeni mpaka saa ya kufunga ofisi, nikanakili programu kwenye flashi, nikatoka nikipiga mluzi. Nilihisi kuna kitu nimesahau. Ilikuwa mwavuli, nikarudi kuuchukua.

Ijumaa, 10 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Mapokezi ya zahanati ni kaunta, kompyuta moja, mabenchi yaliyojaa wagonjwa, na feni inayolalamika. Daktari Mkuu alisimama mikono nyuma. Bosi alinisifia mpaka nikaona aibu ya furaha. Dada wa mapokezi akaweka flashi yangu, akabofya.

“Hitilafu isiyojulikana. Muulize mwenye uzoefu.”

Daktari akausoma kwa sauti, kwa ile sauti ya kumsomea mtu majibu yake. Akauliza mwenye uzoefu ni nani. Bosi akaninyooshea kidole kwa fahari. Nikasogea mbele. Kijasho chembamba kikanitoka mpaka kwenye soksi.

Nikaangalia stika ya kompyuta yao. MAPOKEZI. Hapo nikajua nilichosahau, na hakikuwa mwavuli.

Nikashauri wazime na kuwasha. Wakazima, wakawasha. Mzee mmoja benchini akasema yeye angezimwa na kuwashwa angeshapona. Wagonjwa wakacheka, waliokuwa na nguvu. Nikashauri wafute mafaili ya muda. Dada wa mapokezi akakataa katakata, ndimo zilimo rekodi zake. Nikashauri, kwa utulivu wa kitaalamu, kwamba zahanati ibadilishe jina la kompyuta yake, iitwe MEZA-02. Daktari akauliza kwa nini. Nikasema ndio mtindo wa sasa. Akaniuliza kama nimekula leo.

Chapchap akasogea taratibu na flashi yake. Dirisha likafunguka. Vitufe vya kijivu, pembe kali, hakuna urembo wowote. Dada wa mapokezi akamsajili yule mzee, kisha mama aliyembeba mtoto, kisha benchi zima likaanza kusogea. Hakuna aliyezungumzia pembe za mviringo.

Ofisini Bosi akatangaza: Mkuu wa Madirisha ni Chapchap. Akamwuliza alijifunzaje kuandika dirisha zima kwa mkono. Chapchap akasema asingethubutu, ila ubao ulimgomea Jumanne, akaona ajaribu. Akanishukuru mbele ya wote kwa kumsaidia siku ile kwa moyo. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanyaje. Roho inaniuma. Inaniuma kweli.

Jumamosi, 11 Mei

Mama mkwe kafika na tai mpya ya hariri, ya bluu, ya cheo. Akanivalisha mwenyewe. Akasema siku ile ya posa alimnong'oneza marehemu mumewe kwamba huyu kijana hana mbele wala nyuma, na leo anaomba radhi. Mke wangu akajifuta macho kwa kanga. Nami nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, Mungu shahidi. Lakini unasemaje ukweli umefungwa tai?

Simu ikaita. Iko mezani, mtoto kabofya spika. Ni Chapchap. Akaomba radhi kwa kunisumbua siku ya mapumziko, akasema yeye kama Mkuu wa Madirisha angependa Jumatatu nije na kile kitufe, tukifungue tuone kilichokisibu. Sebule nzima ikasikia.

Mama mkwe akaniuliza polepole kwamba kama yule ni Mkuu wa Madirisha, mimi ni mkuu wa nini.

Nikasema wa milango.

Akawaza kidogo. Akasema mlango ni mkubwa kuliko dirisha. Nikasema ndiyo hivyo, mama. Akaridhika, akaomba maji ya kunywa.

Mke wangu hakuridhika. Alinifuata uani nikijifanya naanua nguo. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Akasema hakumwambia mama yake kwa ajili ya cheo. Alimwambia kwa sababu miaka yote amenitetea peke yake na alichoka kuwa peke yake. Akaniambia Jumatatu nimwambie yule dada ukweli wote, nikirudi bila kusema yeye atamwambia mama yake mwenyewe, na tai itarudi ilikotoka. Nikaahidi. Nilikuwa nimeshika soksi za mtoto, nikaahidi nazo mkononi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimesema! Yote! MFALME, masharti, pakiti isiyosomeka, mpaka karatasi chini ya mguu. Nilisema huku nikitazama kalenda ya ukutani.

Chapchap akasikiliza mpaka mwisho. Akasema alishahisi tangu Ijumaa, niliposhauri zahanati ibadilishe jina. Akasema yeye hatomwambia Bosi. Kitufe changu ni kizuri kuliko vyote vya ofisi, na anataka zahanati ikitumie, ila kifunguke kwa kila mtu. Nikafuta masharti mbele yake, mstari baada ya mstari. Akafungua ubao kwenye mashine yake, kitufe kikatua kwa adabu. Sisemi nililia. Macho yalikuwa na maji.

Halafu akanipa kazi, yangu peke yangu: dirisha la kuingilia, lile la jina na nywila, ambalo dada wa mapokezi atalifungua kila asubuhi kabla hajafungua kitu kingine. Akasema ananiamini.

Nikampigia mke wangu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba leo amejua kwa nini alinikubali, na mama yake hana haja ya kujua lolote. Mtu akipendwa hivi, kazi inamnogea.

Baada ya chakula cha mchana nimeanza dirisha la kuingilia. Linatoka zuri mno. Zuri kiasi kwamba nimeingiwa na wasiwasi: akipita mwenye vidole vyepesi akalifungua kwenye ubao, akasogeza kitu kimoja, si ndiyo basi? Kosa langu la wiki iliyopita sasa nimelielewa. Nilitegemea jina. Jina fundi yeyote anabadilisha. Lakini mimi natumia mausi kwa mkono wa kushoto, na kompyuta inajua hilo, imeandikwa kwenye mipangilio yake. Chapchap anatumia wa kulia. Bosi wa kulia. Fundi wa kulia. Kwa hiyo nimeweka sharti moja tu, dogo, la kulilinda dirisha. Linauliza mkono.

Ijumaa tunalipeleka zahanati. Dada wa mapokezi anatumia mkono gani, sikuangalia. Nitamwuliza tukifika.