Vipindi Sita vya Daktari Sharubu

Sharubu hakuingia kwenye kliniki ile kutafuta tiba. Aliingia kutafuta ubaridi. Nje jua lilikuwa linachoma kisogo, na ndani kulikuwa na kiyoyozi, kochi la ngozi na maji ya kunywa yasiyolipiwa. Mtu mwenye akili zake angekaa wapi? Alijimiminia gilasi ya pili, akakunja nne, akajipa sura ya mume anayemsubiri mkewe. Sura alikuwa nayo. Mke ndiye hakuwa naye.

Tusimcheke mapema, nafasi ya kumcheka itakuja. Sura ndiyo iliyokuwa mtaji wake, na mtaji wenyewe ulikuwa juu ya mdomo: masharubu mazito, meusi, yenye ncha zilizopinda juu, yaliyolala pale kama paka aliyeshiba. Mtu akiyaona aliacha kuhoji. Kwa masharubu hayo alishawahi kuwa mkaguzi wa mabomba, msimamizi wa mirathi na, kwa wiki moja ya heri, jaji mstaafu. Bila masharubu, mwenyewe alikiri kila alipojitazama kwenye kioo, angekuwa na uso wa mtoto aliyetumwa chumvi akaisahau dukani.

Kaunta ilikuwa karibu, na nesi alikuwa akimweleza mama mmoja mambo ya kuondoa nywele kwa leza.

"Mwanga unatafuta weusi wa unywele," alisema nesi. "Unaufuata mpaka chini kwenye mzizi, unageuka joto, unaunguza pale unapoota. Kwa hiyo usinyofoe kwa nta wala kwa kibanio kabla ya kuja. Ukiung'oa mzizi, mwanga utashika nini? Nyoa tu kwa wembe."

"Halafu mara moja imekwisha?"

"Wapi, mama! Nywele hazioti zote pamoja. Nyingine zinakua, nyingine zimelala. Mwanga unazikamata zinazokua tu. Utakuja vipindi sita, pengine zaidi, kila baada ya wiki kadhaa. Katikati utaona nyingine zinarudi. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Na ngozi zetu hizi nyeusi zina mtambo wake, ukitumia usio wake unaunguza mtu."

"Inauma?"

"Kama mtu kavuta mpira wa kufungia noti, akauachia kwenye ngozi. Pa! Tunakupaka jeli ya baridi, tunakuvalisha miwani ya kuziba macho, basi."

Nesi akataja bei. Yule mama akashika mkoba wake kwa heshima kama anayeaga msibani, akatoka.

Sharubu alibaki na gilasi hewani. Moyo ulimdunda kwa furaha safi kabisa. Miaka yote ya utapeli alilazimika kutunga visingizio mwenyewe, tena usiku, tena kwa taabu. Hapa visingizio vilikuwa vimeshatungwa na sayansi! Mteja ananyoa kwanza, kwa hiyo anatoka hana nywele hata ukimwimbia wimbo. Nywele zikirudi? Zilikuwa zimelala. Zikirudi tena? Ndiyo maana kuna vipindi sita. Na mtu akilipia vyote sita mapema, anapunguziwa bei. Uongo wote ulikuwa ukweli mtupu, uliokosa mtambo tu.

Nesi alikuwa hajamaliza. Alikuwa anamgeukia mteja mwingine, bibi mmoja wa makamo, na kuanza kumweleza jambo kuhusu rangi ya nywele. Sharubu hakusubiri. Mwanafunzi hodari huondoka darasani akiona ameelewa.

Alipanga chumba juu ya duka la rangi na misumari. Kutoka kwenye saluni iliyokufa alinunua lile kofia kubwa la kukaushia nywele, akapachika tochi ndani yake na feni ndogo nyuma ili pawe na mlio. Miwani ya waogeleaji aliipaka rangi nyeusi kwa ndani. Jeli ilikuwa jeli ya nywele, ila iliyolala kwenye friji. Harufu ya nywele kuungua aliipata kwa kinyozi wa jirani: aliomba kigunia cha takataka, na kila kipindi alichoma kidogo kwenye kisahani. Na ule uchungu aliousema nesi, wa mpira wa kufungia noti? Sharubu hakuwa mtu wa kuhangaika. Alinunua mpira wa kufungia noti.

Basi mteja alilala kitandani amezibwa macho, feni ikavuma, tochi ikapita, Sharubu akavuta mpira, pa! Mteja akaruka. "Umeusikia?" "Nimeusikia, daktari!" "Huo ni mzizi." Wakati mwingine ilibidi auume mkono wake mwenyewe asicheke. Jioni alijitazama kwenye kioo, akakunja ncha za masharubu, akasema, "Mzee mzima unapiga watu manati. Mama yako angekuona!"

Aliyewaleta wengi alikuwa Mzee Matairi, muuza matairi mwenye nywele mgongoni kama zulia na tamaa isiyo na breki. Bei ilikuwa nusu ya kule kwenye kiyoyozi, naye akaitaka nusu ya hiyo nusu. Sharubu akamwambia alete watu, cha kwake kitakuwa bure. Mzee Matairi akaleta mke, shemeji, mhasibu wake na majirani, kila mmoja akimtoza cha juu kimyakimya. Wote wakalipia vipindi sita mkupuo mmoja. Tapeli hupenda sana kufanya kazi na mtu kama huyo, maana nusu ya dhambi anaibeba yeye.

Ndipo akaja Shangazi. Jina hilo alijipa mwenyewe mlangoni: "Niite shangazi tu, mwanangu, kila mtu ananiita hivyo." Alikuwa bibi wa makamo, mnene kidogo, kitenge safi, sauti ya kubembeleza. Sharubu aliona kama anamfananisha na mtu, lakini wateja wote hufanana mbele ya anayewahesabia pesa.

"Nina ndevu," alisema Shangazi, akainua kidevu. Zilikuwa chache, ngumu, nyeupe kama pamba. "Kule kwenye kliniki kubwa wamenikataa. Wamesema nyeupe haiwezekani."

"Nyeupe!" Sharubu alicheka kwa huruma. "Shangazi, hizo ndizo rahisi kupita zote. Mwanga na weupe ni ndugu wa tumbo moja, wakionana tu wanakumbatiana. Walishindwa, wakaficha aibu."

Shangazi alishusha kidevu. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekuwa akimtafuta ndugu yake aliyepotea siku nyingi. "Basi nimefika," alisema.

Alilipa kipindi kimoja. Sharubu akavuta sanduku jeupe la huduma ya kwanza kutoka chini ya kitanda, akatumbukiza.

"Unaweka pesa kwenye sanduku la dawa?"

"Mwizi haibi bandeji, Shangazi."

"Una akili wewe. Mama yako alizaa."

Alirudi baada ya siku chache bila malalamiko yoyote, na habari iliyomfanya Sharubu akae chini. Alikuwa na kikundi cha akina mama. Kikundi kikubwa. Wote walikuwa na nywele mahali fulani, na wote walikuwa tayari kulipa, vipindi vyote, siku moja. Ila wana sharti.

"Wanasema daktari wa kuondoa nywele mwenye masharubu kama fagio ni sawa na fundi viatu anayetembea pekupeku. Wanataka nikuone kwa macho yangu umejiondoa mwenyewe. Nikawaapie."

Mkono wa Sharubu ulipanda wenyewe kwenye mdomo. "Tuchague mahali pengine. Kwapa, labda."

"Mwanangu, kwapa lako nitaliapiaje mbele za watu?"

Akapiga hesabu. Tochi haijawahi kumdhuru hata mbu. Anyoe leo, wiki chache zijazo paka wake amerudi mahali pake, na yeye yuko mji mwingine na pesa za kikundi kizima. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga. Kwa kuwa hapa kilichotakiwa kufa kilikuwa masharubu tu, Sharubu aliona amepewa bei nafuu.

Alinyoa mwenyewe, mbele ya kioo, jicho moja amelifumba. Shangazi alizikinga nywele kwenye kipande cha gazeti kwa adabu ya mtu anayepokea mchanga wa kaburi. Sharubu alipofungua macho yote mawili, yule mtoto wa chumvi alikuwa anamtazama. Machozi yalimlengalenga, akasingizia sabuni.

"Sasa nielekeze," alisema Shangazi. "Mtambo nashika mimi, siyo?"

"Unapitisha tu polepole. Usiufungue nyuma, umeme utakurusha. Mimi nalala, navaa miwani. Na miwani haivuliwi mpaka mlio usimame, maana mwanga ukiingia jichoni, jicho limekwenda." Aliyasema hayo kwa mazoea, kama kasisi wa kukodi.

Akalala. Giza. Feni ikavuma. Jeli ya baridi ikatua juu ya mdomo wake, akasikia kitambaa cha kitenge kikipita karibu.

"Unajua, mwanangu," ilisema sauti ya Shangazi, taratibu, "wataalamu wa kweli walinikataa. Wewe ukanikubali. Hapo ndipo nilipokupenda."

"Nashukuru, Shangazi," alisema Sharubu, akavimba kichwa.

Pa!

Aliruka kitandani. Maumivu yalikuwa makali, ya moto, juu kabisa ya mdomo. Sharubu akaganda. Mpira ulikuwa mfukoni mwake, au ndivyo alivyodhani. Tochi haipigi. Tochi haijawahi kupiga! Pa! Tena. Halafu ikaja harufu, ile ile ya nywele kuungua, na kisahani hakukiwasha yeye.

"Umeusikia?" aliuliza Shangazi.

"Nimeusikia," alisema Sharubu kwa sauti ndogo.

"Huo ni mzizi. Sasa lala, usivue miwani."

"Mpaka mlio usimame," alimalizia, kama mtoto anayerudia somo.

Na hapa, msomaji, ndipo nikuombe umhurumie kidogo, maana jambo lililompata halimpati tapeli mara mbili. Aliamini. Alilala gizani na kuamini kwamba mtambo wake, wa kofia la saluni na feni, umeanza kufanya kazi. Labda rangi ya ile balbu. Labda jeli. Nani aijuaye sayansi? Kama unafanya kazi, basi hakuwa mwizi! Mgongo wa Mzee Matairi ulikuwa unatibiwa kweli. Angebaki mji huu, angeandika kibao, angevaa koti jeupe bila kuvizia polisi. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma, na machozi yakaijaza ile miwani ya waogeleaji kutoka ndani. Alitaka kumwambia Shangazi. Lakini aliyahofia macho yake, akasubiri mlio usimame. Feni ile ilikuwa nzima. Haikusimama.

Kilichosimama ni mlango, maana ulipigwa teke ukaegemea ukuta.

Sharubu akavua miwani. Chini ya kitanda hapakuwa na sanduku. Kwenye kisahani palikuwa na majivu ya masharubu yake, na juu ya majivu, umekunjwa vizuri, mpira wa kufungia noti. Alipapasa mfuko. Mtupu. Mlangoni walijaa wateja wake wote, Mzee Matairi mbele ameshika spana ya magurudumu.

"Yuko wapi?" alinguruma Mzee Matairi. "Kijana, nakuuliza wewe! Yule daktari mwenye masharubu yuko wapi? Shangazi wa watu kakuta namba zetu kwenye daftari la daktari, katupigia simu kwamba jamaa anatoroka leo na pesa zetu!"

Sharubu alifungua mdomo kutafuta uongo. Kwa mara ya kwanza maishani, haukuwepo.

"Nimeibiwa," alisema, na sauti ikamkatika. "Nimelazwa hapa, nikazibwa macho, nikaibiwa kila kitu. Hata masharubu yangu. Angalieni!" Akalia kwa kwikwi, kilio cha kweli, cha mtoto aliyetumwa chumvi.

Wote walimwamini. Mke wa Mzee Matairi alimfuta jeli kwa khanga yake. Mhasibu alisema uso kama huo hauwezi kudanganya hata kama ungetaka, na Mzee Matairi, ambaye hata kwenye hasira haachi faida, alimuuliza kama ana kazi. Hana? Basi kesho aje kupanga matairi. Mshahara utakuwa nusu, kwa kuwa ni wa huruma.

Hivyo ndivyo Sharubu alivyoajiriwa. Kila asubuhi Mzee Matairi alikumbusha wafanyakazi: wakimwona mtu mwenye masharubu mazito, yenye ncha, wasiulize jina, wampige spana kwanza. Kila asubuhi Sharubu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Shida ni kwamba mwanga wa tochi haukuwa umemtibu. Masharubu yake yalirudi kwa bidii ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo: akinyoa alfajiri, saa nane mchana kivuli kimeshaanza kuonekana, na Mzee Matairi ameanza kumtazama kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Alinyoa asubuhi, alinyoa mchana chooni, mdomo ukajaa vipele.

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Mwerevu wetu alidunduliza mshahara wake wa huruma, akarudi kwenye kile kiyoyozi, akalipa bei yote bila kuomba apunguziwe.

"Vipindi sita au zaidi," alisema nesi. "Unyoe kwanza, lakini usi..."

"Usinyofoe," alisema Sharubu. "Katikati nyingine zitarudi. Zilikuwa zimelala."

"Eh! Uliwahi kufanya?"

"Kwa namna yangu. Nesi, nikuulize. Nywele nyeupe je?"

"Nyeupe mwanga hauzioni kabisa. Hata mtoto anajua. Anayekuambia zinawezekana ni tapeli, mkimbie." Nesi alitafuta jeli. "Kuna bibi mmoja nilimweleza hapa hapa, akacheka sana, akasema sasa anajua namna ya kumtambua mtu wake."

Sharubu alilala kitandani. Alipovalishwa miwani aliomba ashike mkoba wake.

"Weka kwenye kiti, kaka. Humu hakuna mtu ila mimi."

"Najua," alisema, akaukumbatia kwa mikono miwili.

Mtambo ulivuma. Pa!

"Pole," alisema nesi. "Inauma sana?"

"Ya Shangazi iliuma zaidi," alisema Sharubu.