Vita vya Jagi la Maziwa

Enyi mliojaliwa masikio, acheni mlifanyalo msogee! Sikizeni habari za Binti Fundi, mshika waya asiyetetemeka, aliyepanda ghorofa tano kwa miguu, lifti ikiwa imekufa, akaingia ngome ya Mwekezaji kutafuta mtaji. Silaha yake ilikuwa moja: kijiti cha kupimia maziwa, chenye taa ya kijani kwa yaliyo mazima na nyekundu kwa yaliyoharibika. Akikosa mtaji siku hiyo, karakana yake ingefungwa mwisho wa mwezi. Ubavuni alikuwapo binamu yake, jemadari wa maneno, ambaye ushujaa wake wote ulikaa mdomoni.

Mwekezaji alikuwa mama wa makamo, aliyekwisha kuzika kampuni changa saba na kulea mbili zikawa kubwa.

“Mimi sikopeshi, wanangu,” akanena. “Nanunua hisa. Mkizama, nazama nanyi. Haya, kijaribuni hapa.” Akalisukuma jagi la maziwa ya chai yake. “Nimeyanunua mwenyewe asubuhi.”

Kijiti kikatumbukizwa. Lahaula! Taa ikawaka nyekundu.

Binamu akamfinya chini ya meza. “Dada, sema betri imeisha. Mwenye nguvu mpishe!”

Binti Fundi aliogopa, hilo tusilifiche. Kumwambia mwenye mali kwamba maziwa yake yameharibika ni kujitilia kitumbua mchanga. Lakini kijiti kile alikiunda kwa miezi kumi na minne, na hakijamdanganya hata mara moja. Akainuka, ingawa hakuna aliyemwambia ainuke, akatamka kwa sauti ya kutangaza vita:

“Shikamoo kwa mara ya pili, mama. Maziwa haya yameharibika. Usiyanywe.”

“Yangu mimi?” Mwekezaji akanguruma, akayamimina kwenye chai ya moto. Yakakatika papo hapo, mabonge yakaelea mbele ya mashahidi.

Binamu akafumba macho kungoja kufukuzwa.

Mwekezaji akakitazama kikombe, kisha akacheka mpaka miwani ikamponyoka. “Wanaokuja hapa hunisifia hata viatu,” akasema. “Wewe nitazama nawe. Leta karatasi, nachukua hisa ishirini kwa mia. Na hii chai, mtu aimwage.”

Basi iandikwe, na vizazi visome: Binti Fundi alikitwaa kikombe kwa mikono miwili, akavuka ukumbi mzima, akaimwaga chai kwenye sinki bila kudondosha tone, na hiyo ndiyo ikawa kazi ya kwanza ya kampuni yenye mtaji.